Bonaire, St. John au Barbados: Kuchagua Kisiwa cha Karibiani kwa Ufukwe na Snokeli

Kila baridi inapoanza kubana huku Marekani ninakoishi, simu huanza kuingia kutoka kwa jamaa na marafiki wanaotaka kwenda Karibiani kwa wiki moja, wakae ufukweni na wavae miwani na mrija watazame samaki, lakini wamekwama kwa sababu katika picha kila kisiwa kina maji ya buluu na mnazi ulioinama. Nimewahi kulala katika visiwa vitatu ambavyo majina yake hutajwa sana katika mazungumzo hayo, yaani Bonaire, St. John na Barbados, na havifanani hata kidogo ukishatia uso majini. Nitavilinganisha hapa kwa vigezo vilevile, ili kila msomaji aone kipi kinawafaa watu atakaosafiri nao.

Vigezo

Kigezo ninachokitanguliza ni uwezo wa yule asiyejua kuogelea vizuri katika msafara wenu, pamoja na umbali uliopo kati ya mchanga na pale matumbawe yanapoanza. Wengi huanza na bei ya tiketi, na wakishafika hugundua kwamba nusu ya familia itakaa juu ya taulo siku saba huku nusu nyingine ikiwa baharini. Baada ya hapo hufuata karatasi za kuingilia, hali ya mchanga wenyewe kwa wale wasiotaka kuloa, kinachoonekana chini ya maji, upepo na majira, na mwishowe gharama za kukaa na kuzunguka.

Msomaji aliyekulia pwani yetu atalazimika kuacha tabia moja nyumbani, nayo ni kupanga siku kwa kujaa na kupwa. Tanga nilikokulia, kama ilivyo Mombasa au Unguja, mtu haingii baharini bila kujua kama ni bamvua au maji mafu, kwa sababu maji yanaweza kupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na mara nyingi hufiki kwenye mwamba mpaka upande ngalawa au boti. Katika visiwa hivi vitatu tofauti hiyo ni ndogo: Barbados hata siku za bamvua ni kama mita moja au chini yake, na Bonaire na St. John ni pungufu zaidi. Kinachotawala huko ni upepo, ambao hauna zamu ya kaskazi na kusi kama wetu, bali huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Kwa hiyo upande wa magharibi wa kisiwa, ambao mabaharia wetu wangeuita demani, hutulia, na upande wa mashariki, joshini, hupigwa na mawimbi. Ukikodi nyumba nzuri upande wa mashariki kwa sababu ya bei, elewa kwamba kila siku utaendesha gari kwenda kuogelea upande mwingine.

Karatasi na njia ya kufika

Kwa mwenye pasi ya Kenya au Tanzania, Barbados ndiyo nyepesi kuliko vyote, kwa kuwa haihitaji viza kwa matembezi. Ugumu wake umejificha njiani. Ndege nyingi zinazokwenda huko kutoka upande wetu hupitia London au miji ya Marekani, na anayebadilisha ndege katika uwanja wa Marekani anadaiwa viza hata kama atakaa saa mbili tu, wakati London nayo ina masharti yake kwa wapita njia. Angalia kwanza njia nzima ya safari, ndipo ulipe tiketi.

Bonaire ni sehemu ya Uholanzi, na tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ina hadhi ya manispaa maalumu ya nchi hiyo, lakini haimo katika eneo la Schengen. Viza ya Schengen na viza ya visiwa vya Karibiani vya Ufalme wa Uholanzi ni viza mbili tofauti, ingawa wenye vibali vya ukaazi vya Marekani, Kanada au nchi za Schengen kwa kawaida husamehewa. Ipo ndege ya moja kwa moja kutoka Amsterdam, jambo linalowafaa ndugu zetu wa Ulaya, na zipo pia ndege za kutoka miji kadhaa ya Marekani. Mgeni hulipa kodi ya kuingia, dola 75 kwa mtu mzima, na fedha inayotumika kisiwani ni dola ya Marekani tangu mwaka 2011.

St. John, kimojawapo cha visiwa vya Virgin vya Marekani, ni ardhi ya Marekani iliyonunuliwa kutoka Denmark mwaka 1917 pamoja na visiwa jirani kwa dola milioni 25 za dhahabu, hivyo viza yake ni viza ya Marekani. Kwa mwenye ukaazi wa kudumu ni kama safari ya ndani. Hata hivyo, wakati wa kurudi bara kutoka uwanja wa kisiwa jirani cha St. Thomas, abiria wote hukaguliwa na maofisa wa forodha na uhamiaji, na jambo hili huwashtua wengi. Ndugu ambaye maombi yake ya hifadhi au ya ukaazi bado yanasubiri uamuzi azungumze na wakili wake kabla ya kulipa chochote. Nalisema hili kwa uzito wote. Kisiwa chenyewe hakina uwanja wa ndege, kwa hiyo unashuka St. Thomas, unachukua teksi hadi Red Hook, kisha unavuka kwa feri kwa takriban dakika 20 hadi Cruz Bay.

Anayetoka moja kwa moja Afrika Mashariki abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani Barbados na Bonaire hukidai kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo.

Mchanga

Kwa uzuri wa ufukwe peke yake, St. John imebarikiwa. Zaidi ya nusu ya kisiwa ni hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1956 kwa ardhi iliyotolewa na Laurance Rockefeller, na ndiyo maana fukwe za kaskazini, yaani Trunk Bay, Cinnamon Bay na Maho Bay, hazina hoteli iliyosimama mchangani. Unachokiona nyuma yako ni kilima cha kijani kinachoshuka hadi majini. Trunk Bay hutozwa kiingilio cha dola 5, na ni vyema kufika kabla ya saa nne asubuhi, maana baadaye huletwa makundi ya abiria kutoka St. Thomas na utulivu wote hutoweka.

Barbados ina fukwe ndefu zaidi na zenye maisha ya watu, na zote ni za umma kwa mujibu wa sheria, hata zile zilizo mbele ya hoteli za matajiri. Upande wa magharibi, kama Paynes Bay na Mullins, maji hutulia kama ya birika, ilhali kusini kuna wimbi kidogo linalowafurahisha vijana. Bathsheba, upande wa mashariki, ni mahali pa kutazama majabali na bahari iliyochafuka, si pa kuogelea. Ukiamka kabla ya jua katika ghuba ya Carlisle, pale Pebbles Beach, utawakuta wachungaji wa farasi wa mbio wakiwaogesha wanyama hao baharini: farasi anaingia hadi kifuani, anatoa pumzi nzito puani, kisha anaanza kuogelea huku kichwa tu kikionekana.

Kuhusu Bonaire lazima niseme wazi, kwa sababu wengi wamefika wakavunjika moyo: si kisiwa cha mchanga. Sehemu kubwa ya pwani yake ni mawe ya matumbawe yaliyokufa, yanayoteleza na kukata nyayo. Mke wangu alianguka mara mbili siku ya kwanza kwa kuwa alidharau viatu vya maji. Mchanga upo kwa uchache, hasa Sorobon katika ghuba ya Lac, ambako maji hubaki kiunoni kwa umbali mrefu na watoto hucheza bila hofu, na katika kisiwa kidogo cha Klein Bonaire kisicho na wakazi, ambacho hufikiwa kwa boti kutoka mji mkuu, Kralendijk.

Chini ya maji

Hapa mizani hugeuka, na Bonaire inastahili maelezo marefu. Kisiwa hicho kilipiga marufuku kuchoma samaki kwa mshale tangu mwaka 1971, na mwaka 1979 kikatenga hifadhi ya bahari inayozunguka kisiwa kizima, kuanzia mahali maji yanapojaa hadi kina cha mita 60. Boti haziruhusiwi kutia nanga juu ya matumbawe, bali hufungwa kwenye maboya. Hifadhi husimamiwa na shirika la STINAPA, na mwogeleaji hulipa ada ya dola 40 inayotumika kwa mwaka mzima wa kalenda. Kando ya barabara ya pwani kuna mawe yaliyopakwa rangi ya njano na kuandikwa jina la kila mahali pa kuzamia. Unaegesha gari kwenye jiwe, unavaa vifaa vyako, unaingia majini kwa miguu, na baada ya makumi machache ya mita tu unaelea juu ya mteremko wa matumbawe. Huna haja ya nahodha wala ratiba. Kwa mtu aliyezoea kulipia boti hadi Mnemba au Kisite, uhuru huo ni wa ajabu.

Mahali panapoitwa 1000 Steps pana ngazi sabini hivi, ingawa ukizipanda na vifaa vilivyolowa utamwelewa aliyepabatiza jina. Asubuhi moja nilitulia hapo juu ya mwamba nikazuia pumzi, nikawasikia pono wakubwa wa rangi ya zumaridi wakiuguguna mwamba, sauti ya mkwaruzo kavu kama mtu anayekuna nazi kwenye mbuzi chumba cha pili. Muda mfupi baadaye mmoja wao akatoa nyuma yake wingu jeupe lililoshuka polepole: mchanga safi, kwa kuwa mawe anayoyasaga pono hutoka hivyo, na sehemu ya fukwe nyeupe tunazozisifia imetokana na kazi hiyo. Anayejiamini majini asikose Klein Bonaire, ambako mkondo humchukua mtu taratibu sambamba na ukingo wa mwamba huku boti ikimfuata. Asiyejiamini asipelekwe huko, kwa maana kusimama hakuna.

Utaweza pia kumkuta samaki-simba mwenye miba ya sumu, tunayemfahamu katika miamba yetu. Kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, lakini ameingia Karibiani, hana adui wa kumtosha, na huwala vifaranga vya samaki wa huko, ndiyo maana wazamiaji wenye kibali humwinda.

St. John ina matumbawe machache kuliko Bonaire, lakini ina ukarimu kwa anayeanza. Trunk Bay ina njia ya chini ya maji yenye vibao vinavyoeleza kile unachokitazama, nayo ni darasa zuri kwa mtoto ingawa matumbawe yenyewe yamechakaa kwa wingi wa wageni. Hazina halisi ni Maho Bay, ambako sakafu ya ghuba imeota majani ya bahari na kasa huja kuyala. Mama yangu, ambaye hakuwahi kujifunza kuogelea ingawa alizaliwa hatua chache kutoka baharini, alisimama pale maji yakiwa kiunoni, na kasa akaibuka kama hatua nne kutoka alipo, akatoa kichwa, akavuta pumzi kwa sauti, akazama tena. "Kumbe anapumua kama mtu," akasema, na hakutoka majini hadi adhuhuri. Kwa mwogeleaji mzuri kuna Waterlemon Cay, kisiwa kidogo kinachofikiwa kwa kutembea zaidi ya kilomita moja kando ya maji na kisha kuogelea, na upande wake wa nje una mkondo wa kuheshimiwa. Njia hiyo huanzia karibu na magofu ya kiwanda cha sukari cha Annaberg, yaliyojengwa kwa jasho la Waafrika waliokuwa watumwa. Katika kisiwa hiki, mwaka 1733, watumwa waliinuka wakakishika kwa miezi kadhaa. Nilipita hapo polepole.

Barbados huwavuta watu kwa kasa na meli zilizozama. Katika ghuba ya Carlisle zimelala meli sita, mojawapo ikiwa Berwyn, iliyozama mwaka 1919, na baadhi yake ziko kwenye kina kidogo kiasi kwamba mwenye mrija huziona vizuri akiwa juu, zimevikwa sifongo na kuzungukwa na makundi ya samaki. Kasa huonekana mara nyingi, lakini baadhi ya boti huwarushia chakula ili wageni wapige picha, nami nakusihi uchague boti isiyofanya hivyo, maana kasa aliyezoeshwa mkono wa mtu huifuata hata injini. Huko Holetown kuna hifadhi ya Folkestone yenye mwamba karibu na ufukwe, mzuri kwa saa moja, ila usiulinganishe na wa Bonaire. Ogelea ndani ya maboya, kwa sababu pikipiki za majini hupita kwa kasi.

Ni haki pia msomaji ajue kwamba picha za zamani zinadanganya. Ugonjwa unaonyausha matumbawe magumu, ulioonekana kwanza Florida mwaka 2014, ulifika visiwa vya Virgin vya Marekani mwaka 2019 na Bonaire mwaka 2023, na mwaka huohuo joto la bahari liliyapausha matumbawe katika sehemu kubwa ya Karibiani. Osha na kukausha vifaa vyako unapotoka kisiwa kimoja kwenda kingine, usikanyage kitu kilicho hai, na usiguse.

Upepo na majira

Msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. St. John imo njiani mwa vimbunga, na mwezi wa Septemba 2017 Irma na Maria vilipita ndani ya wiki mbili vikang'oa mapaa na kuikausha misitu. Barbados iko mashariki zaidi na hupigwa mara chache, ingawa Elsa iliifikia mwaka 2021, na mwaka 2024 mawimbi ya Beryl yaliharibu mashua nyingi za wavuvi. Bonaire iko kusini, karibu na Venezuela, na vimbunga huipata kwa nadra sana, kwa hiyo ndiyo ya kufikiriwa kwanza na anayepata likizo Agosti au Septemba tu.

Wakati wa baridi kuna tatizo jingine: mawimbi marefu kutoka kaskazini huweza kuzichafua fukwe za kaskazini za St. John na za magharibi mwa Barbados kwa siku mbili tatu. St. John ina dawa yake, kwa kuwa ghuba za kusini kama Salt Pond hutulia siku hizo. Kuanzia majira ya kuchipua hadi mwisho wa kiangazi, mwani wa sargassum huletwa na upepo na kujaa kwenye fukwe zinazotazama mashariki katika visiwa vyote vitatu, ukioza kwa harufu kali, na hiyo ni sababu nyingine ya kukaa upande wa demani.

Gharama na kuzunguka

Hakuna cha bei nafuu kati ya vitatu hivi ukikumbuka bei za Unguja. St. John ndicho ghali zaidi kwa malazi, isipokuwa ukikubali hema katika kambi ya Cinnamon Bay, ambayo huwahi kujaa. Bonaire hukugharimu gari, kwa kawaida pikapu, kwani bila gari mawe ya njano hayana maana. Lakini ukishalipa ada ya hifadhi, kila kuingia majini ni bure, na familia inayojipikia hupunguza sana matumizi. Usiache chochote ndani ya gari unapokuwa majini.

Barbados peke yake unaweza kukaa bila gari. Nauli ya basi ni dola 3.50 za Barbados, ambazo ni kama dola 1.75 za Marekani, na vile vibasi vyeupe vya ZR, vyenye muziki na kondakta mwenye haraka, vitamkumbusha mtu wa Nairobi au Dar es Salaam nyumbani siku ya kwanza tu. Ukikaa kusini, Worthing au karibu na Oistins, unapata nyumba za wageni za bei ya wastani, na samaki wa kuchoma Ijumaa usiku. Anayetaka kuendesha atafurahi kujua kwamba Barbados na St. John hupita kushoto kama kwetu, ingawa magari ya St. John yana usukani wa kushoto pia, na hilo huchanganya kidogo kwenye kona zake za milimani. Bonaire hupita kulia.

Machache ya kubeba kichwani

Bonaire na visiwa vya Virgin vya Marekani vimepiga marufuku mafuta ya jua yenye kemikali zinazodhuru matumbawe, hivyo nguo ndefu ya kuogelea inayofunika mwili ni bora, na dada anayejistiri atakuta mavazi yake ni ya kawaida kabisa miongoni mwa waogeleaji. Barbados imekataza raia na wageni kuvaa nguo za rangi za kijeshi, hata za mtoto. Mti wa manchineel, wenye tunda dogo la kijani linalofanana na tufaha, una utomvu unaounguza ngozi. Usijikinge mvua chini yake, na usimruhusu mtoto aokote tunda. Kuhusu adabu, St. John na Barbados mtu hutoa salamu kwanza ndipo aulize bei, na anayeanza na swali huonekana hana malezi.

Kwa hali yako

Ikiwa kila mmoja katika msafara anaogelea bila woga, mnapenda kuingia majini mara tatu kwa siku, na mchanga si hoja, nendeni Bonaire, hasa kama likizo yenu huangukia msimu wa vimbunga. Mkiwa na mtoto mdogo mmoja kati yenu bado inawezekana, kwa sharti kwamba mtu mzima mmoja atabaki naye Sorobon kwa zamu.

Ikiwa mnasafiri na mzazi asiyeogelea au watoto wanaoanza, mna karatasi za Marekani zilizokamilika, na mmeweka akiba ya kutosha, St. John itawapa wote nafasi ya kuona kitu bila kuogopa. Chagueni Februari hadi Mei, na mkodi nyumba upande wa Cruz Bay ili msiendeshe usiku milimani.

Ikiwa mnatoka Afrika Mashariki kwa pasi zenu za kawaida, au mnataka ufukwe, mji, chakula, historia na snokeli kidogo katika safari moja bila kukodi gari, Barbados inafaa zaidi. Vivyo hivyo kwa wanandoa ambao mmoja anapenda maji na mwingine anapenda kukaa kivulini na kitabu, kwa sababu pale Carlisle aliye kivulini anaweza kumwona aliye majini muda wote.

Na kama bado mnasita kati ya viwili, mchukueni yule anayeogopa maji kuliko wote hadi bwawa la kuogelea la karibu, mpeni miwani na mrija kwa nusu saa, mtazame kama ataweza kupumua kwa utulivu uso ukiwa ndani. Akiweza, Bonaire ibaki kwenye orodha. Asipoweza, tafuteni nyumba St. John au Barbados, karibu na maji ya kiunoni.